Chupa ya Kileleni na Chupa ya Mguuni

Kwa miaka ishirini na minne Mama Lebo aliandika habari za wanyama ambao hakuwahi kuwaona wakiwa hai. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye ujia wa chini wa taasisi ya utafiti wa bahari, chumba kirefu kisicho na dirisha, chenye rafu za chuma kutoka sakafuni hadi darini, na kila rafu imejaa chupa. Humo mlikuwa na samaki, kaa, konokono, minyoo, na vitu vingine ambavyo hata wenye shahada walivionyesha kwa kidole tu wakasema "kile pale." Vyote vililala ndani ya spiriti, vimepauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi.

Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila chupa ina karatasi yake ndani: mnyama ametoka wapi, kina cha mita ngapi, tarehe gani, nani alimchukua. Aliandika kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye spiriti na penseli haiyeyuki. Mwandiko wake ulisimama wima, umejipanga, hata mlinzi wa getini alisema mwandiko ule ungeweza kwenda kuposa peke yake na ukakubaliwa. Mlinzi huyo ndiye aliyemwita Mama Lebo kwanza. Jina likamganda. Mumewe, fundi wa saa, alianza kumwita hivyo kwa utani, baadaye akasahau kwamba ulikuwa utani.

Wapo wanaojivunia nyumba, wapo wanaojivunia watoto. Mama Lebo alikuwa na watoto wawili wakubwa wanaojitegemea na aliwapenda, lakini fahari yake hasa ilikuwa hiyo: hajawahi kukosea lebo. Hakuitangaza. Ila mtu mwingine akiitaja, alikuwa hakanushi.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili Profesa aliposhuka mwenyewe hadi chumbani kwake. Profesa alikuwa mzee mwembamba, mpole, anayeongea na watu kama anayeogopa kuwaamsha. Alimweleza kwamba meli ya utafiti ingeondoka baada ya wiki mbili, kwamba bwana aliyezoea kuandika lebo melini amefanyiwa upasuaji wa goti, na kwamba anaomba, kama haitamsumbua sana, aende yeye. Mama Lebo alisema atafikiri. Profesa hajafika hata mwisho wa ujia, alikuwa ameshafikiri.

Melini alipangiwa chumba cha vitanda viwili, kimoja juu ya kingine, pamoja na mwanamke aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na sita. Huyo kazi yake ilikuwa kupokea trei za wanyama zikitoka baharini, kuwaosha kwa maji baridi, na kuchekecha matope yaliyokuja nao ili kisipotee hata kidudu cha ukubwa wa punje ya mchele. Mabaharia walimwita Chekeche, na jina lilimfaa mara mbili, maana alichekecha na pia alikuwa mwepesi wa kucheka. Alikuwa na mkataba wa muda, wa safari hadi safari. Siku ya kwanza alimpa Mama Lebo kitanda cha chini bila kuombwa. "Dada, wewe lala chini," alisema. "Meli ikiyumba nikakuangukia mimi, tutakuwa tumeumia wawili. Ukiniangukia wewe, nimekwisha." Mama Lebo alikuwa mnene kidogo, na kwa mtu mwingine angenuna. Kwa huyu alicheka.

Siku ya tatu walifika. Hapakuwa na la kuona, bahari tu pande zote. Lakini Profesa aliwakusanya kwenye chumba cha kulia akawaeleza kilichokuwa chini yao. Mita mia saba chini, mahali ambapo mwanga wa jua haufiki hata kidogo, palikuwa na mlima wa matumbawe. Si yale matumbawe ya maji ya kina kifupi yanayohitaji jua. Haya yanaishi gizani, kwenye baridi, yakila vipande vidogo vya chakula vinavyoletwa na mkondo wa maji. Yalijijenga kwa maelfu ya miaka, kizazi juu ya mifupa ya kizazi kilichotangulia, hadi tuta likawa refu kuliko jengo la ghorofa thelathini. Kileleni, mkondo unapopita kwa nguvu, yako hai. Mguuni mwa mlima kuna matawi yaliyokufa na kuporomoka, na matope. Profesa alitaka kujua nani anaishi wapi, kwa sababu anayeishi kwenye matawi yaliyo hai tu, matawi yakifa naye hana pa kwenda. Nyavu zinazoburutwa chini zilikuwa zimeshaanza kuvunja milima kama huo.

Waliteremsha mashine yenye kamera na mikono ya chuma. Mabaharia waliiita Chura. Dereva wake alikaa mbele ya skrini na vishikizo viwili, na wengine walisimama nyuma yake wamebanana. Kwa dakika arobaini skrini haikuonyesha kitu ila maji meusi na chembe nyeupe zinazopanda. Halafu mlima ukatokea.

Mama Lebo alikuwa amewahi kuandika lebo za matumbawe yale zaidi ya mia. Chupani yalikuwa vijiti vya kijivu. Pale yalikuwa meupe pe, mengine ya rangi ya chungwa, yametawanya vidomo vyake kila tawi, na kila penye nafasi pamekaa mtu wake. Nyota za bahari zenye mikono myembamba kama uzi zilijikunja kwenye matawi na kupunga mkondo. Sponji zilisimama kama vikombe. Samaki mmoja mwenye macho makubwa alitoka kwenye tundu, akaitazama taa ya Chura, akarudi zake ndani kama mwenye nyumba aliyefungua mlango akakuta mgeni asiyemhusu. Chekeche, aliyesimama pembeni yake, alimpa kitambaa cha kufutia mikono, na hapo ndipo Mama Lebo alipojua kwamba analia.

Kazi ilikwenda hivi. Chura alichukua mnyama kwa mkono wake taratibu, akamweka kwenye kisanduku chenye namba. Akipandishwa, Chekeche alihamisha kila kisanduku kwenye trei yake, akaosha, akachekecha, na juu ya trei akaweka kikaratasi cha muda: trei gani, sehemu gani, kilichomo. Kisha akaisogeza trei upande wa pili wa meza, kwa Mama Lebo. Huyu alimtia mnyama chupani, akaandika karatasi ya kudumu, akaitumbukiza, akafunga, akaingiza kwenye daftari. Kikaratasi cha muda kilitupwa. Walifanya kazi hiyo siku kumi na moja, mchana kutwa, mikono imekufa ganzi kwa baridi ya maji, wakipiga soga za waume, dada, mawifi na magoti.

Siku ya kumi na mbili Chura aliteremshwa mara mbili, asubuhi kileleni, adhuhuri mguuni. Kila mahali alichukua mnyama mmoja wa aina waliyoipa jina la nusu-kaa: mwekundu, ukubwa wa kidole gumba, nusu kaa nusu kamba, mwenye mikono mirefu kuliko mwili wake. Wakati wa chakula Profesa, akitaka kuwatia moyo watu waliochoka, alisimama akasema kwamba katika meli hii yupo mtu ambaye kwa miaka ishirini na minne hajakosea lebo hata moja, na akamwelekeza mkono. Chumba kizima kilipiga makofi. Nahodha naye alipiga.

Mama Lebo alirudi mezani kwake makofi bado yako masikioni. Bahari ilikuwa imeanza kuchafuka. Nusu-kaa wawili walikuwa tayari kila mmoja chupani mwake, na karatasi mbili zimeandikwa, zimekaa chini ya jiwe la kuzizuia zisipeperuke. Meli ililala upande. Chupa zikateleza, akazidaka zote mbili, moja mkono huu, nyingine mkono huu, na Chekeche akasema timu ya taifa inatafuta golikipa. Walicheka. Mama Lebo akazirudisha mezani, akatumbukiza karatasi, akafunga.

Jioni ile Profesa alikagua chupa akafurahi kuliko walivyowahi kumwona. Yule wa kileleni alikuwa na miba mitatu kwenye paji la uso, na wenzake wote wanaojulikana wana mmoja. Alikuwa aina mpya, tena anayeishi kwenye matumbawe hai. Ndicho alichokuwa akikitafuta tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Siku tatu baadaye Mama Lebo alikuwa akifua aproni yake akakuta mfukoni kikaratasi kilicholowa. Ulikuwa mwandiko wa Chekeche, wa haraka haraka: *Trei ya pili, mguuni. Nusu-kaa mmoja. Mkono wa kushoto hana.* Alikisoma mara moja, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Alikwenda maabara. Alizitoa chupa mbili rafuni akaziweka kwenye mwanga. Nusu-kaa aliyekosa mkono, mwenye miba mitatu, alikuwa kwenye chupa yenye karatasi ya kileleni.

Kurekebisha kulihitaji dakika mbili na koleo. Na kwa kweli alishafungua kifuniko cha kwanza. Ndipo Profesa alipoingia na nahodha, akaichukua chupa ile mezani kwa mikono miwili kama anayebeba kifaranga, akamwonyesha nahodha miba mitatu, akasema taarifa ameshaituma nchi kavu na wenzake wameshajibu kwa pongezi. Kisha akamgeukia Mama Lebo akamshukuru. Mama Lebo alisema asante. Walipotoka alifunga kifuniko.

Alijiambia atasema jioni. Jioni ikapita. Alijiambia atasema kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine, hadi meli ikafunga gati na watu wakaagana na masanduku yao. Kile kikaratasi alikikausha akakitia kwenye pochi, nyuma ya picha ya wanawe. Kwa nini hakukitupa, hata yeye hakujua.

Miezi minane ilipita. Wakati huo Chekeche alikuwa akifanya kazi ghorofa ya juu, akichambua matope ya safari ile chini ya darubini, na saa nne kila siku alishuka kunywa chai na Mama Lebo. Walishakuwa marafiki wa kweli. Mama Lebo alimjua mama yake anayeumwa miguu, na Chekeche alijua namna fundi wa saa anavyokoroma.

Kisha akaja mtafiti mgeni kutoka taasisi nyingine, bibi mmoja asiyependa maneno mengi, akaomba kumtazama nusu-kaa wa miba mitatu. Kwenye vinyweleo vya miguu yake alikuta matope laini ya kijivu na vichembe vya matumbawe yaliyokufa. Kileleni hakuna matope. Bibi yule hakubishana na mtu, aliomba tu kuona picha za Chura. Wakazitazama yeye na Profesa, polepole. Mnyama aliyechukuliwa kileleni alionekana wazi, ana mikono yake yote miwili. Aliye chupani alikuwa na mmoja.

Profesa aliwaita Mama Lebo na Chekeche ofisini kwake. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana alionekana amezeeka. Alisema wanyama wamebadilishana mahali, na hilo limetokea ama kwenye meza ya kuoshea ama kwenye meza ya lebo. Alisema anataka tu kuelewa.

Mama Lebo ndiye aliyejibu kwanza. Maneno yalitoka yenyewe, kwa sauti yake ya kila siku.

"Mimi, Profesa, naandika ninacholetewa."

Chekeche alikuwa akitazama mikono yake. Baadaye alisema siku ile bahari ilichafuka, trei zilikuwa mbili na zinafanana, labda alizichanganya. Hakumbuki hivyo, lakini labda. Profesa alitikisa kichwa. Hakuna aliyemwuliza Mama Lebo swali la pili. Miaka ishirini na minne ilimjibia.

Mwezi ule ulipoisha mkataba wa Chekeche haukuongezwa. Hakuna aliyesema ni kwa ajili ya nusu-kaa, na kila mtu alijua.

Mama Lebo alingoja amwone amekasirika. Angekuja na lawama, pengine angempunguzia mzigo. Lakini Jumapili ya pili Chekeche alibisha hodi nyumbani kwake, amevaa vizuri, ameshika pakiti ya biskuti. Fundi wa saa alimkaribisha kisha akarudi kwenye meza yake kwenye kona, lenzi kwenye jicho. Chekeche hakukaa hadi alipolisema alilojia.

"Dada, nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Jina lako lilikuwa safi miaka yote hiyo, nikaja kulitia doa mimi. Nimewaza sana. Sijui nilifanyaje, lakini nimefanya."

Mama Lebo alifungua kinywa. Pochi ilikuwa juu ya kabati, hatua tatu kutoka alipokuwa. Alisema, "Usijali, mdogo wangu. Yamepita. Kaa, unywe chai." Akaenda jikoni, akachemsha maji, akasimama mbele ya jiko akitazama moto kama mtu anayesoma barua. Alimmiminia rafiki yake vikombe viwili. Walizungumza habari za miguu ya mama. Alipomsindikiza hadi barabarani na kurudi, biskuti zilikuwa bado mezani hazijafunguliwa, na hakuweza kuzigusa wala kuzitupa. Zilikaa hapo wiki nzima hadi mumewe akazila.

Kuanzia siku ile mwandiko wake ulibadilika. Alianza kurudia kila karatasi mara mbili, mara tatu, na kuirudisha chupa rafuni kisha kuitoa tena kuhakikisha. Chumba ambacho kwake kilikuwa kama chumba cha pili cha nyumba yake kikawa kama chumba cha mahojiano. Chupa elfu kadhaa, na zote zikimtazama. Ilipogonga saa nne alikunywa chai akiwa amesimama, haraka, kama dawa.

Hatimaye alimwambia mumewe, Jumamosi moja asubuhi, akiwa amempa mgongo, akikunja nguo. Alimweleza yote. Fundi wa saa aliweka chini kibano chake akasikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu mwema, na alimpenda mkewe, kwa hiyo alimpa ushauri mbaya.

"Funika kombe mwanaharamu apite," alisema. "Yule bado kijana, atapata kazi nyingine. Wewe umebakiza miaka mitatu. Na mnyama mwenyewe ameshakufa, Mama Lebo, yumo kwenye spiriti, hana shida na mtu."

Mama Lebo alisema ni kweli. Akaendelea kukunja nguo. Usingizi wake haukurudi hata hivyo.

Kilichomshinda ilikuwa barua. Ilikuja na bahasha ya taasisi: meli itarudi kwenye mlima uleule, na yeye, kwa rekodi yake ndefu na safi, amechaguliwa kwa safari ya pili. Walikuwa wameandika hivyo hivyo, ndefu na safi. Aliisoma akiwa amesimama katikati ya rafu zake. Alikuwa na hamu na mlima ule kuliko alivyowahi kuwa na hamu na kitu chochote tangu usichana wake. Akaona kitanda cha juu, na mtu mwingine amelala hapo.

Aliomba ruhusa ya saa mbili, akaenda.

Chekeche alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha mikate nyuma ya soko. Mama Lebo alipita kwenye mlango wa kupakulia mizigo, akamwona amefunga kitambaa kichwani, nyusi nyeupe kwa unga, anatikisa chekeche kubwa juu ya pipa. Chekeche alimwona akacheka. "Unaona, dada, sikubadilisha kazi. Nimebadilisha matope tu."

Mama Lebo hakuweza kucheka. Alisema ana neno, na kama wangeweza kwenda nje. Chekeche alimtazama usoni, akazima mashine ya kukandia, akasema hawezi kutoka, hapohapo panatosha. Basi hapohapo, kwenye vumbi la unga, Mama Lebo alifungua pochi, akatoa picha ya wanawe, na nyuma yake kikaratasi.

Chekeche alikisoma. Alikigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, akakisoma tena.

"Huu mwandiko wangu."

"Wako."

"Kwa hiyo trei zangu zilikuwa sawa."

"Zilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekosea. Zile chupa nilizozidaka, nilizirudisha zimebadilishana nafasi."

Chekeche alishika ukingo wa pipa. Aliuliza tangu lini alijua. Mama Lebo angeweza kusema jana, angeweza kusema wiki iliyopita. Alisema, "Siku tatu baadaye. Tukiwa bado melini."

Hapo ndipo uso wa yule mwanamke ulipojifunga. Kosa lenyewe angelisamehe pale pale, maana nani hajakosea kwenye meli inayoyumba. Alikuwa akihesabu kitu kingine, na Mama Lebo aliona anavyokihesabu, safari nzima iliyobaki, miezi minane ya chai ya saa nne, siku ile ofisini.

"Nilikuja kwako," Chekeche alisema taratibu. "Nilivaa vizuri. Nikakuomba radhi. Ukanipa chai."

"Nilikupa chai," Mama Lebo alisema.

"Na mimi nikanywa."

Mama Lebo alianza kusema samahani. Chekeche aliinua mkono wenye unga, si kwa ukali, akamwambia aende akamwambie Profesa, na kikaratasi abaki nacho yeye, Chekeche, mpaka Profesa amwite, maana kwa mtunza lebo kishakaa vya kutosha. Kisha akawasha mashine. Mama Lebo alisimama kidogo akitumaini neno jingine. Lilikuwa halipo. Alitoka kwa mlango uleule wa mizigo, unga kwenye viatu.

Kwa Profesa hakukuwa na vilio. Alimsikiliza, akauliza maswali mawili ya saa na namba za trei, akaandika. Alipomaliza alivua miwani. Alisema kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeipenda mno chupa ile, na pengine alifanya iwe vigumu kwa mtu kusema. Mama Lebo alimjibu kwamba haikuwa vigumu hivyo. Ilikuwa dakika mbili na koleo. Hakutaka kusaidiwa kuubeba, na Profesa alielewa, hakurudia tena.

Masahihisho yalichapishwa, ya aya moja: nusu-kaa wa miba mitatu ni wa mguuni mwa mlima, wa matawi yaliyokufa, na kosa lilikuwa la uwekaji wa lebo. Jina la mtu halikutajwa. Wale waliotakiwa kujua walijua. Mama Lebo alipewa barua ya onyo, ya kwanza maishani mwake, akaitia sahihi kwa mwandiko wake ule ule ulio wima. Jina lake liliondolewa kwenye safari. Profesa alimwita Chekeche ofisini, alimwomba radhi yeye binafsi, na alimpa nafasi melini pamoja na mkataba wa kudumu. Walioshuhudia walisema Chekeche aliomba siku mbili za kufikiri. Wengine walidhani anaringa. Mama Lebo alijua anafikiria nini, kwamba akirudi, vichupa vyake vyote vitapita kwenye mikono ya nani.

Alirudi. Aliupenda ule mlima, na hakuona kwa nini amwachie mtu mwingine kwa sababu ya dhambi isiyo yake.

Siku meli inaondoka Mama Lebo alikuwa chumbani kwake. Mlinzi wa getini, ambaye hajui kunyamaza, alimpigia simu ya ndani kumwambia gari la kwenda bandarini limetoka. Alimshukuru. Aliendelea na minyoo aliyokuwa nayo mezani.

Baada ya wiki tatu masanduku yalikuja, na Chekeche nyuma yake. Walisalimiana. Kwa utaratibu mpya, kila chupa ilipaswa kuhakikiwa na watu wawili, mmoja anasoma karatasi, mwingine anasoma daftari, na wale wawili walikuwa wao. Walikaa uso kwa uso siku nne. Kileleni, mita mia sita na kumi. Ndiyo. Kileleni, mita mia sita na kumi na mbili. Ndiyo. Saa nne ilipofika Chekeche alipanda juu kunywa chai na wenzake, na Mama Lebo alibaki, na ilikuwa haki yake kubaki.

Siku ya nne, wakiwa wamefika sanduku la mwisho, Chekeche alishika chupa yenye tawi dogo jeupe akaigeuza kwenye mwanga. Halafu, bila kuinua macho, alisema kwamba walishuka upande wa kaskazini safari hii, upande ambao hawakuufika mara ya kwanza, na huko walikuta papa wa aina ndogo wametaga mayai yao kwenye matawi, mengi, yananing'inia kama nguo kwenye kamba. Dereva wa Chura alisimamisha mashine, na kwa robo saa nzima watu wote waliyatazama tu.

Mama Lebo alikuwa na maswali mia. Alitaka kujua rangi yake, na kama ndani mlionekana kitu kinachocheza. Hakuthubutu kuuliza hata moja. Aliweka penseli chini asije akaivunja, akasikiliza hadi mwisho. Chekeche alipomaliza alisogeza chupa katikati ya meza.

"Kaskazini," alisoma. "Mita mia sita na arobaini."

"Ndiyo," alisema Mama Lebo, na akaangalia tena daftari, mara ya pili na ya tatu, kabla ya kutia alama.